Hakuacha Mtoto

Ndugu yangu, mwezi uliopita nilirudi Kisesa kwa furaha, nikaondoka nimevimba kwa hasira, na mpaka leo sijapoa. Ukoo wetu ulikutana, tukachinja, tukavaa fulana za rangi moja. Ukutani binamu yangu, mtoto wa shangazi, alikuwa ametundika bango la ukoo mzima: kuanzia yule mzee aliyevuka ziwa kutoka Ukerewe akafyeka shamba la kwanza, mpaka vitukuu wanaonyonya. Nikatafuta jina la baba yangu. Lipo. Chini yake pameandikwa: "Hakuacha mtoto."

Nimesimama pale na mvi zangu, nasoma kwamba sikuzaliwa!

Ngoja nikupeleke kwa bibi kwanza. Nyumba yake ilikuwa chini ya mawe, karibu na ziwa, na kazi yetu watoto ilikuwa kufukuza kunguru kwenye dagaa walioanikwa. Harufu yao ilituganda mwilini mpaka kwenye madaftari. Jioni alitugawia michembe, viazi vile vilivyokaushwa, akivichemsha na karanga. Lakini kwanza uulizwe: "Wewe wa nani?" Unapanda jina kwa jina mpaka kwa yule wa Ukerewe. Ukikosea unarudi mwanzo, wenzako wanatafuna. Na ukifika kwa baba zetu alitaka majina mawili, la baba mkubwa kisha la baba yangu. Ukitaja moja anakukata jicho: "Na mwingine umemzika lini?"

Siku ya kuandikishwa darasa la kwanza, baba alikuwa zamu kiwanda cha pamba. Baba mkubwa akatuswaga watoto wote sita, watano wa kwake na mimi wa mdogo wake. Mwalimu akauliza, "Baba wa hawa nani?" Akajibu, "Mimi." Angejibu nini? Kwetu Usukumani, kusema mbele za watu kwamba huyu mmoja ni wa mdogo wangu ni kama kunifukuza nyumbani. Baba aliporudi alicheka tu, na hakuna aliyekwenda kurekebisha. Nilipokuwa darasa la nne baba akafa. Jina la baba mkubwa likanifuata kwenye kila cheti, hadi cha ndoa.

Basi nilimkamata binamu palepale.

"Umeandika nini hapa?"

"Kaka, usipandishe hasira. Nimefuata vyeti. Mimi nimekulia Buswelu, huyo mjomba sikumwona."

"Ukashindwa kuniuliza? Namba yangu si unayo?"

"Cheti hakidanganyi, kaka."

Nusura nilichane lile bango. Nikachukua peni, nikaanza kukata yale maneno mawili. Baba mkubwa, aliyekuwa kwenye kiti chake, macho yamekwisha, akauliza kelele za nini. Akaelezwa.

"Mwanangu," akasema, "kwa hiyo unanitoa?"

Hapo ndipo hasira iliponizidi, maana haikuwa na pa kwenda tena. Huyo mzee aliuza ng'ombe wake nikasoma. Nimemwita baba tangu nilipojua kusema. Nikapiga magoti mbele yake: "Hapana, baba. Nataka muandikwe wote wawili."

"Haiwezekani," binamu akadakia. "Kompyuta inakubali baba mmoja."

Nikaandika mwenyewe jina langu chini ya baba yangu. Lile ambalo binamu alikuwa amelichapa chini ya baba mkubwa sikuligusa. Shangazi akasema nimeharibu kitu cha watu.

Namkasirikia binamu. Namkasirikia yule mwalimu na daftari lake. Najikasirikia zaidi mimi, niliyebeba vile vyeti miaka yote nikanyamaza kwa sababu vilinipa kazi.

Jana binamu aliniandikia kwamba bango linachapwa upya, nichague baba. Sijamjibu. Bibi ndiye angemwambia kwamba hilo ni tusi, na bibi hayupo. Tuliobaki tumezoea kujaza fomu.