Swali la Spesiosa

Siku yangu ya kwanza kama mkalimani katika kituo cha polisi cha kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, mkuu wa kituo, tuliyemwita OC, alinipa sheria moja: "Ile mtu anasema, ndiyo unasema. Usiongeze, usipunguze." Niliishika miaka yote.

Spesiosa, Mrundi, alikuja baadaye sana. Mimi ndiye niliyemfundisha kuandika maelezo, yaani maneno ya mtu anayosomewa mwenyewe kisha akayatia sahihi. Haikupita muda, watu wakifika kituoni wakawa wanamwulizia yeye. Nilimwonea kijicho, sitaficha.

Asubuhi moja tuliitwa kwa Mkongomani mwenzangu, Baba Furaha, aliyefiwa na mkewe. Alikuwa amesimama mlangoni na panga. Askari wawili walimwelekezea bunduki.

"Mukuye!" alisema, yaani njooni. "Mutu akikaribia, namukata."

Nikamtafsiria OC neno kwa neno. Askari mmoja akakoki bunduki.

Spesiosa akasema, "Afande, huyu hataki kukata mtu. Anataka ninyi mumuue."

Nilikasirika. Nani alimwambia aongeze? Lakini OC aliwarudisha askari nyuma ya gari. Spesiosa akauliza taratibu, "Baba Furaha, unataka wakuue?"

Mkono wenye panga ukalegea. "Ndiyo, mama. Nimechoka mingi."

Walizungumza mpaka jua likawa kali. Mwishowe akaliweka panga chini.

Nilimsindikiza hospitalini Mbarara ili nitafsiri. Daktari, Mnyankore asiyejua Kiswahili, akauliza ni nani aligundua kwamba mgonjwa alitaka kufa kwa mkono wa polisi.

"Ni mimi," nikajibu kwa Kiingereza.

Baba Furaha alikielewa Kiingereza kidogo. "Hapana," akasema. "Ni ule mama Mrundi."

Daktari akanigeukia. "Anasema nini?"

Nikatafsiri.

Spesiosa ndiye aliyeitwa Mbarara kuwafundisha askari. Mimi nilibaki na maelezo yangu hadi nilipostaafu. Baba Furaha alitibiwa, akapata nafuu. Sasa analima maharage. Tukikutana sokoni Kabingo, huniuliza kwanza habari za Spesiosa.

Wakalimani wapya huja nyumbani kutaka ushauri. Nawaambia: mtu akiwachokoza askari wampige risasi, huenda amechoka kuishi. Muulizeni waziwazi, swali haliui. Hunisifu kwa busara hiyo, nami huionja sifa kidogo. Kisha nawaambia ni nani aliyeniachia swali hilo. Kumtaja bado kunaniuma.