Shahidi Kutoka Nje

Mama anayesimamia uchaguzi wa wazee wa kanisa letu hakimbizwi na mtu. Miwani yake huning'inia shingoni kwa uzi, na akitaka tunyamaze huigonga kwenye Biblia, tak tak, hata watoto wachanga wakatulia. Jumapili hii tulikuwa tunachemka, kila mmoja na mtu wake, tunataka kura zipigwe. Tak tak. "Neno linataka mzee asifiwe hata na walio nje. Sasa huyo wa nje yuko wapi?" Akafungua mlango mwenyewe, akamwingiza fundi wa kuchomelea, jirani wa mgombea wa kwanza, asiyekanyaga kanisani hata kwa harusi.

"Mwanangu, sema kweli. Huyu ni mgomvi?"

Fundi akajikuna kichwa. "Mama, nimejaribu sana kugombana naye. Kwa kelele za mashine, kwa moshi, kwa ukuta. Hagombaneki! Anakuja kuniuliza kama nimekula."

Kanisa likalipuka kwa vigelegele. Mama naye akarukaruka, miwani ikimpiga kifuani. Kisha, tak tak. "Jirani wa mgombea wa pili yupo hapo mlangoni."

Mgombea wa pili akainama kufunga kamba za viatu visivyo na kamba.