Gambuti Zilizopasuliwa Nyuma

Jambo la mwisho la kawaida nililomfanyia mke wangu ni kupasua gambuti zake kwa wembe, upande wa nyuma, ili miguu iingie. Alizivaa akaenda kuchuma kahawa. Wiki hiyo nimonia ikamchukua.

Miguu yake ilikuwa minene kuanzia nyonga hadi kifundoni, nyayo zikabaki ndogo kama za msichana. Aliacha viazi, akaacha chai ya maziwa, akakonda uso tu. Mimi, mwenye digrii, nilimwambia ajitahidi zaidi.

Juzi, nikingoja dawa za presha hospitalini Embu, nilimwona mama mwenye miguu ileile, kando yake mumewe. Daktari alikuwa akiwaeleza mlangoni.

"Mama, huu si ulafi. Ni ugonjwa wa mafuta. Ng'ambo huyanyonya kwa mrija, halafu ngozi iliyolegea huikata na kuivuta juu."

"Kama fundi akipunguza sketi?" mama akauliza.

"Hivyo hivyo."

"Wacha ng'ambo, daktari. Rudia hapo kwa ulafi, huyu baba asikie."

Mumewe akatazama sakafu. Nami nikaitazama. Nilitamani mke wangu angekuwa nami kwenye benchi lile, asikie neno hilo moja.

"Basi ninunulie gambuti," mama akamwambia mumewe. "Nimechoka kuchuma kahawa miguu mitupu."

"Zitakuingia wapi?"

Niliinuka, nikawauliza wanakaa wapi. Kanja, wakasema.

Kesho yake asubuhi niliosha matope ambayo sikuwa nimethubutu kuyagusa, nikazipeleka gambuti zile Kanja.