Mbwa wa Mlangoni kwa Nyanjige

Mbwa yule hakubweka hata siku aliyomng'ata Nyanjige. Alitoka kwenye mabua ya mtama pembeni ya njia, akaushika mkono wa kulia, akauachia. Kisha akakaa chini kumtazama akivuja damu, kama mtu anayesubiri kuulizwa jambo.

Nyanjige ni fundi cherehani katika kitongoji kimoja nje ya mji wa Bariadi. Alifanya yote anayopaswa kufanya mtu aliyeng'atwa: aliosha jeraha kwa sabuni na maji mengi, akapanda bodaboda hadi hospitali siku ileile, akaanza sindano za kichaa cha mbwa. Sindano alizimaliza, na mbwa naye hakuonyesha dalili za ugonjwa. Lakini kidole gumba kiligoma kukunjika, na fundi asiyeweza kushika mkasi hana kazi. Watu walikuwa wameuza pamba, kila nyumba ilitaka nguo mpya. Wateja wakaja kuchukua vitambaa vyao mmoja mmoja.

Akaenda mjini kwa Ikupa, msaidizi wa kisheria, binti wa Kinyakyusa aliyehamia Bariadi kikazi.

"Haki yako ipo, mama," Ikupa alimwambia. "Mwenye mbwa anawajibika kwa matibabu yako, nauli zako na kazi uliyopoteza. Ila lazima tuonyeshe mwenye mbwa ni nani."

"Ni Luhende. Kila mtu anajua."

"Na kila mtu atasema?"

Nusu ya kitongoji walilima kwa maksai wa Luhende.

Alipoulizwa, Luhende alisema mbele za watu kwamba mbwa yule ni wa kuzurura tu, akamfukuza kwake kwa mawe. Kwetu mbwa hana hati. Watu husema mbwa ni wa mlango anaolala. Na jioni ileile mbwa alikuja kulala mlangoni kwa Nyanjige.

Alijichimbia shimo vumbini, akajikunja humo. Hakulia wala hakuomba. Aliutazama tu mkono uliofungwa bandeji. Nyanjige alipotoka asubuhi kufagia uwanja, macho yale yalikuwa palepale. Alipokwenda kisimani alisikia nyayo laini nyuma yake. Akisimama, nazo zinasimama.

"Mwadila, mayu!" Luhende alimsalimu kwa Kisukuma akipita njiani na fimbo yake. "Mbona umemkondesha mbwa wako? Ndiyo maana alikung'ata, anadai ugali wake."

Watu wakacheka. Hata Felisita, jirani wa ukuta kwa ukuta, alicheka akiwa ameziba mdomo kwa kanga.

Ikupa alipopata habari hakucheka. "Usimpe hata ukoko, mama. Wakikuona unamlisha watasema unamfuga, na madai yetu yamekufa."

Basi Nyanjige akawa anakula mlango ukiwa umefungwa. Chini ya mlango, penye uwazi, aliona kivuli cha pua kimetulia. Akasukuma sahani kando.

Jioni moja, akiwa ameketi mbele ya cherehani isiyo na kazi, alihisi kuna kitu kinapungua duniani. Jua lilikuwa linazama, moshi wa majiko ulikuwa umetanda, lakini kitongoji kilikuwa kimya kama nyumba yenye msiba. Ng'ombe wa Luhende walipita wametawanyika, kila mmoja na njia yake. Ndipo alipokumbuka. Mluzi. Kila jioni, miaka yote, Luhende alitia vidole viwili mdomoni akapiga mluzi mrefu unaopanda mwishoni, na mbwa akawakusanya ng'ombe. Tangu alipomkana mbwa, hakuwa ameupiga tena.

Anaogopa, Nyanjige aliwaza. Akamtazama mbwa. Masikio ya mbwa yalikuwa yamesimama, yakisikiliza kitu kisichokuwepo.

Usuluhishi ulifanyika alasiri, barazani kwenye ofisi ya kijiji. Mtendaji, bwana Gabriel, alimpa Luhende nafasi ya kusema.

"Mheshimiwa, huyo mbwa amelala miguuni kwa nani?" Luhende aliuliza. Kweli, mbwa alikuwa amemfuata Nyanjige, amelala karibu na kiti chake. "Mtu ang'atwe na mbwa wake, halafu anidai mimi?"

Watu wakaguna kukubali. Ikupa akafungua kinywa, lakini Felisita akamtangulia kwa ukelele.

"Pamba yangu!"

Ng'ombe wa Luhende, waliokuwa wakitoka kunywa lamboni, walikuwa wameingia ng'ambo ya njia, kwenye uwanja wa Felisita ilipoanikwa pamba aliyochelewa kuuza. Dume la mbele lilikuwa limeshazamisha mdomo.

"Baba, waite ng'ombe wako!" Felisita alilia. "Wewe husikii? Waite!"

Luhende alikaza midomo. Jasho likamtoka. Hakuna aliyesogea, watu wote walikuwa wakimtazama mdomoni, kwa kuwa wote, ghafla, walikuwa wamekumbuka.

"Piga mluzi, baba," Nyanjige alisema polepole.

Dume likakanyaga pamba, na mkono wa mfugaji ukapanda wenyewe. Mluzi ukapasua hewa, mrefu, ukapanda mwishoni.

Mbwa aliinuka bila sauti. Aliwazunguka ng'ombe, akawatoa, akawapanga njiani. Kisha akarudi barazani, akapita mbele ya Nyanjige, akaweka kidevu juu ya makatambuga miguuni mwa Luhende.

Luhende alimtazama kama mtu aliyetembelewa na marehemu.

"Ni wangu," alisema.

Wakakubaliana, wakatia saini: mtamba mmoja atauzwa mnadani, Nyanjige alipwe matibabu, nauli na msimu wake uliopotea.

Jioni hiyo Nyanjige alikuta shimo la mlangoni si tupu. Mbwa alikuwa amerudi. Mluzi ukasikika kutoka kwa Luhende, mara ya kwanza, mara ya pili. Mbwa hakutikisika, macho yake yalikuwa kwenye bandeji.

Nyanjige aliingia ndani, akatoka na ukoko wa ugali, akauweka chini kwa mkono uleule wa kulia. Mbwa akala wote.

"Sasa nenda," alimnong'oneza. "Una kwenu."

Ndipo mbwa akainuka, akashika njia. Nyanjige akalifukia shimo kwa mguu. Vumbi lake lilikuwa baridi, kana kwamba hapajawahi kulala kiumbe.