Nyoka wa Ghorofa ya Kumi na Saba

Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi, hapa St. James Town, Toronto, ghorofa ya kumi na saba, nilipiga filimbi nikaita nyoka. Cheka kwanza umalize, halafu nikueleze.

Filimbi yenyewe ilikuwa ya bati, ya Kiayalandi, nayo haikuwa yangu. Niliazimwa na Declan, mzee wa Kiayalandi aliyefundisha muziki wa kwao kila Jumamosi mchana, ukumbi wa chini ya kanisa, mwaka ule wa tisini na kitu. Tangazo mlangoni lilisema wasiojua kitu wanakaribishwa. Walikaribishwa kweli, na hawakuondoka. Kulikuwa na daktari wa meno aliyekuwa mwanafunzi mpya kwa mwaka wa sita. Kulikuwa na mama mmoja wa maktaba akikwaruza fidla kama anayeparua samaki. Declan alikataza karatasi: sikiliza, uimbe kwa mdomo, ndipo upige. Wao walisikiliza, wakarekodi kwenye kaseti, wakaenda nazo nyumbani, wakarudi vilevile. Mimi wimbo nikiusikia mara mbili, ya tatu vidole vilikuwa vinanisubiri. Sijisifu, nasema ilivyokuwa.

Basi Declan akaniambia Jumamosi ijayo nitaanzisha mimi, wengine wanifuate. Nikiufikisha wimbo mwisho, filimbi inakuwa yangu moja kwa moja.

Tatizo lilikuwa Bibi, mama yake mama, aliyeletwa kutoka Kigoma kutulea mama akiwa kazini. Bibi alikuwa na sheria: jua likizama, hakuna mluzi wala filimbi ndani ya nyumba, nyoka atakuja. Kigoma sheria hiyo haimnyimi mtoto kitu. Jua linazama saa moja jioni, ameshacheza akachoka. Toronto, Desemba, linazama saa kumi na dakika arobaini. Natoka shule, napitia dukani, nafika mlangoni usiku umeshaingia.

“Bibi, nyoka gani atapanda lifti?”

“Akiitwa atajua njia, mume wangu.” Mume wangu ndilo jina aliloniita, kama bibi wote wa kwetu wanavyowatania wajukuu.

Wiki nzima nikafanya mazoezi kimyakimya, vidole juu ya mpini wa mwiko. Sehemu ya kwanza ilikaa. Ya pili, kila nikiifikia kichwani, ilinigeukia ikawa wimbo mwingine. Alhamisi uvumilivu ukanishinda, nikataka niisikie kwa masikio. Saa kumi na moja, nje giza, Bibi jikoni akisonga ugali, nikajifungia bafuni nikapiga. Ikapotea palepale. Nikarudia, ikapotea tena. Nilipofungua mlango, alikuwa kwenye zulia kando ya bomba la joto: nyoka, rangi ya chungwa, unene wa kidole gumba.

Ningependa kusema sikupiga kelele. Bibi alitoka na mwiko, akamtazama, akarudi jikoni, akaja na beseni la kufulia. Akamfunika, akaweka mfuko wa mchele juu yake.

“Umepiga mara ngapi?”

“Mbili.”

“Basi mtafute wa pili.”

Hakukuwa na wa pili. Nusu saa baadaye kijana wa nyumba ya jirani aligonga mlango, akauliza kwa aibu kama tumemwona nyoka wake wa kufuga. Alitoroka, alisema, huwa anafuata joto. Nikamtafsiria Bibi.

“Mwambie ana nyoka mzuri,” akasema Bibi. “Anasikia.”

Nilidhani filimbi imekwenda. Kumbe sivyo. “Mimi nakataza usiku tu,” akaniambia. “Jumamosi mchana nakuja kukusikiliza.”

Akaja, amejifunga kitenge juu ya koti la baridi, akakaa kiti cha mbele. Nikaanzisha. Sehemu ya kwanza ikatoka safi, na wale wakwaruzaji wakanifuata. Ya pili ikanigeukia. Wote wakasimama.

“Rudi pale, taratibu,” akasema Declan, kama alivyomwambia daktari wa meno kila wiki. Nao wakatulia, ala mapajani, wakinisubiri. Hakuna aliyecheka. Wangecheka ningejua la kufanya. Lakini kusubiriwa, tena na watu wale, sikuweza. Nikaiweka filimbi kwenye kiti, nikasema kwa Kiingereza kwamba bibi yangu amenikataza, kwetu filimbi inaita nyoka. Declan akamgeukia Bibi, akainamisha kichwa kwa heshima. Bibi, asiyejua Kiingereza, akamjibu kwa tabasamu.

Njiani akaniuliza, “Mbona umeiacha?”

“Umenikataza.”

“Mimi nilikukataza usiku, mume wangu. Hii ni saa nane mchana.”

Jioni mama alipouliza filimbi iko wapi, Bibi akaniwahi: “Nimemkataza mimi. Nyoka.” Mama akacheka mpaka machozi. Akawasimulia wenzake kazini, akasimulia kanisani, akasimulia kwenye harusi mjini Pickering, Bibi na ushamba wake. Bibi akawa anamenya machungwa yake. Na mimi nilicheka, kwa sauti kubwa kuliko wote.

Kama filimbi huita nyoka, sijui; mimi nasema ni lile joto. Shule nayo niliiacha hivyohivyo, mara tu nilipoanza kuambiwa rudi pale. Wakwaruzaji wale bado nawadharau, ingawa yule daktari wa meno bila shaka sehemu ya pili anaijua leo.

Bibi amezikwa Kigoma, na kisa chake bado kinachekwa kwetu. Hii ndiyo mara ya kwanza nakisimulia bila kumsingizia.