Jina Ndani ya Mkufu

Perrine Lanoue alikuwa na ulimi mkali, na mtaa mzima wa wachapaji pale Paris ulilijua hilo. Miaka kumi na mmoja alichonga nyuso za wakubwa kwenye mabamba ya shaba, na miaka yote hiyo picha zilitoka na jina la mumewe, mlevi asiyeweza hata kushika patasi. Sasa mume kafa, na wateja wanasema fundi kafa. Fundi gani? Fundi yuko dirishani, mzima, njaa inamuuma.

Ikaja kazi ya Markizi wa Vaubrac, mkabaila mwenye cheo kikubwa. Bwana mfupi, kidevu hana, vita hajaviona. Pichani Perrine akamvika deraya, vazi la chuma la vita, akamwekea ngao ya ukoo, na kifuani akamlaza mkufu wa heshima aliotunukiwa na mfalme, akizichonga pete za mnyororo wake moja moja, mwezi mzima. Huo mkufu ndio uliokuwa picha. Uso ulisindikiza tu. Chini akachonga jina lake mwenyewe.

Msimamizi wa Markizi, Bwana Gaudry, akaguna. "Futa hilo. Bwana wangu achongwe na mjane wa uchochoroni? Weka la marehemu."

"Marehemu kachonga kwa mkono gani, bwana? Wa kaburini?"

"Futa, la sivyo hupati kazi tena mji huu!"

Akafuta, machozi ya hasira yakimtoka. La marehemu hakuliweka. Kisha akarudi kwenye mkufu na patasi yake nyembamba. Nakala mia tatu zikachapwa, zikagawiwa majumba yote makubwa.

Wiki ya pili Gaudry akaja mbio, jasho linamchuruzika. Bibi mmoja mwenye macho ya kupekua alikuwa ameziona herufi: kila pete ilibeba moja, bega hadi bega. Perrine Lanoue.

"Mwanamke mshenzi! Futa!"

"Nifute?" Perrine akaweka chuma cha kufutia juu ya bamba, kwenye kifua cha Markizi. "Haya. Ila jina likitoka, na mkufu unatoka. Mia tatu wameshauona. Wakipata picha isiyo nao, si watasema mfalme kamnyang'anya? Sema, nimeshika chuma."

Gaudry akanong'ona: "Acha."

"Sikusikia."

"Nimesema acha, mama!"

Kesho yake mke wa jaji aligonga mlango, nakala mkononi, akimtafuta aliyechonga mkufu ule.

"Ni mimi," Perrine akasema, akamvutia kiti.