Winchi ya Kupandishia Kabati la Simaloi

Huku kwetu kabati la jikoni linapanda ukutani kwa shingo za watu. Usione limekaa vizuri juu ya sinki ukafikiri lilipanda kwa dua. Mwashi ameshamwaga meza ya zege muda mrefu, kwa hiyo mafundi wawili wanapanda juu ya hiyo zege, wanapiga magoti, wanainama, wanalipokea kabati kwa kisogo na mabega. Kila mmoja kajiwekea ngata ya fulana chakavu. Wa tatu anatoboa ukuta, vumbi la tofali linawaingia machoni. Mmoja akikohoa kabati linahama, pima maji inakataa, mnaanza upya. Na mwenye drili akiwa mtu wa maneno mengi, basi mmekwisha.

Parsimei, seremala jirani yangu, hakuhitaji mtu wa pili. Alilishika kabati peke yake kwa kisogo, akapitisha mkono kwenye mlango ulio wazi, akatoboa kwa kupapasa, huku anakuhadithia habari za ng'ombe wa baba yake. Mafundi wote wa mtaa wetu wa Sokon I walimwita Jeki. Alikuwa Mwarusha wa huko magharibi mwa mlima, mrefu, shingo nene, mwenye majivuno ya kimyakimya, ambayo kwangu mimi ndiyo mabaya kuliko yote. Kibanda changu cha kuchomelea mageti kipo ubavuni mwa karakana yake. Nilikuwa namwambia, "Fundi, Mungu kakupa kichwa cha kufikiria, wewe umekifanya stuli." Anacheka. "Wivu tu, Twahir. Cha kwako hata kofia inakilemea."

Katika kuwafungia watu makabati mji mzima, nyumbani kwake Terrat hakuwahi kufunga hata moja. Mganga hajigangi. Mkewe Simaloi alitundika sufuria kwenye misumari, sahani alizipanga kwenye ndoo. Na kabati lake lilikuwepo! Parsimei alilitengeneza mwenyewe mwaka waliohamia, mninga mtupu, kiungo kwa kiungo, hakuna msumari hata mmoja. Likawekwa chini sebuleni lisubiri siku ya kupandishwa. Siku hiyo haikufika, maana kila siku kulikuwa na mteja. Likaanza kuwekwa mahindi. Simaloi akisema neno, anajibiwa, "Hilo nitalipandisha mwenyewe, kwa mikono yangu. Asiguse mtu." Shemeji yangu yule ni mpole. Ningekuwa mimi, ningekuwa nimelipasua kuni.

Kisha vidole vyake vikaanza kufa ganzi. Mwanzoni tulimtania. Anaangusha kikombe cha chai, tunamwambia kazee. Anaangusha skrubu, tunamwambia ana mawazo ya mke wa pili. Siku moja niliona anatafuta penseli mfukoni, penseli anayo mkononi, ameishika na hajui kama ameishika. Hapo sikumtania tena.

Nilimsindikiza hospitali. Daktari kijana, mstaarabu, akatuonyesha picha. Pingili za shingo zimesagika, alisema, zinabana mishipa inayopeleka habari mikononi. Akasema kuna upasuaji, ila mpaka aende hospitali kubwa, na asichelewe, maana mshipa ukishabanwa sana haurudi. Akasema pia asibebe tena mzigo kwa shingo, hata ndoo ya maji.

Sasa nisikilize vizuri. Mimi nilisikia neno upasuaji. Parsimei alisikia neno asibebe. Tumekaa benchi moja, daktari mmoja, masikio yetu yakaleta habari mbili. Tulipotoka getini akanishika bega, uso umemchangamka kabisa. "Ero, rafiki yangu, umesikia? Ni mzigo tu. Shingo ikipumzika, mikono itarudi. Kinachotakiwa ni chuma kibebe badala yangu."

"Daktari kasema ukatwe."

"Kasema mzigo."

Mtu akishaamua kusikia, utamfanya nini? Sikio la kufa halisikii dawa. Kesho yake alikuja kibandani kwangu na chaki, akachora kwenye bati la geti la mteja wangu, geti ambalo nilikuwa nimeshalipiga rangi. Mashine ya kupandishia kabati. Inyanyue, ishikilie palepale bila kutikisika, fundi mmoja afunge peke yake. Tena ifunguke vipande viingie kwenye bajaji. "La kwanza litakalopanda nayo ni kabati la Mama Lucky," alisema. Lucky ni binti yao, ameolewa Babati.

Nilimchomelea. Nifanye nini, nimkatalie? Mtu kanikopesha tumaini lake, na mimi kazi yangu ni kuunga.

Ya kwanza aliitengeneza kwa jeki ya gari. Mafundi walicheka mpaka wakakaa chini: Jeki katengeneza jeki. Ilinyanyua vizuri sana, ila kimo cha shubiri moja tu, halafu basi. Ukitaka ifike juu uipangie matofali, na ukishapanga matofali umejenga nyumba nyingine. Tukaitupa.

Ya pili tuliingiza bomba la mraba ndani ya bomba la mraba, lile la ndani linapanda kwa waya unaopita kwenye roda, na pembeni winchi yenye mpini wa kuzungusha. Hiyo nilijivunia, nasema kweli. Kasoro yake ni ile meza ya zege. Inakuzuia usifike ukutani, kwa hiyo sinia linalobeba kabati lazima linyooshe mkono mbele juu ya zege, na mzigo ukinyooka mbele mashine inafuata. Tulijaribu kibandani kwangu. Ikainama taratibu kama mzee anayesalimia, halafu ikaanguka puu juu ya benchi langu, nusura initoe mguu. Nikatukana. Parsimei alikuwa anacheka. "Umeona? Umeona ilivyoanguka? Sasa najua!"

Alichojua ni miguu. Chini ya zege mwashi huacha nafasi katikati ya kuta za kushikilia, zile ambazo baadaye zinawekwa milango. Akarefusha miguu ya mashine iingie humo chini, mpaka karibu na ukuta, ikae chini ya mzigo. Tukafunga magurudumu ya viti vya ofisini. Haikuinama tena. Tukaipeleka kwa majaribio kwenye nyumba ya mteja Moshono, tumevaa mashati safi, na miguu ikakataa kuingia. Nafasi zilikuwa nyembamba. Akazipima moja moja, kila nafasi ina upana wake, mwashi alikuwa anapima kwa njaa yake ya siku hiyo. Alikuwa ameunda mashine kwa kipimo cha jiko moja tu, la kwake. Tukarudi, nikakata miguu, nikatengeneza ya kufungua na kubana kwa pini.

Ikafanya kazi. Hapo Moshono penyewe tuliporudi. Kabati la milango mitatu lilipanda hewani bila shingo ya mtu, linapanda kwa mpini tu, tik, tik, tik, likasimama pale ukutani, pima maji katikati. Mwenye nyumba akapiga makofi. Mimi nilitazama mikono ya Parsimei. Mpini alikuwa anauzungusha kwa kiganja na kiwiko, vidole vimejikunja pembeni havina kazi. Ilipofika zamu ya kutoboa alimpa drili fundi mwenzake. "Leo mkono umechoka na safari," alisema. Kutoka Sokon I mpaka Moshono, safari gani hiyo?

Mafundi waliisifia sana. Hakuna aliyetaka kuitumia. Mmoja alisema waziwazi, "Ya nini, shingo zipo." Ila hilo wala halikumuumiza. Hakuwa akiwatengenezea wao.

Wakati huo vifungo vya shati alishaanza kufungiwa na Simaloi. Akawa anatembea miguu imeachana, kama mtu aliye kwenye sakafu iliyomwagwa sabuni. Nilimfokea. Nilimfokea mbele ya watu, nikamwambia, "Nenda kakatwe shingo, wewe mbishi, mashine haitakupa mikono!" Alinijibu kwa upole ulionichoma. "Ngoja nilipandishe la nyumbani, Twahir. Shingo yangu haijapumzika vizuri bado, hii miguu ya pini imenichosha. Nikimaliza, nitapumzika, utaona."

Mwisho Simaloi aliwaita wachungaji na wazee wa ukoo wakamweka kitako, akaenda hospitali. Daktari alikuwa yuleyule. Aliitazama picha mpya kwa muda mrefu mno. Akasema upasuaji sasa hautarudisha kitu. Ukifanikiwa utazuia kwenda mbele, labda. Parsimei akauliza swali moja tu, kama mkono unaweza kuamka asubuhi moja hivi, wenyewe. Kijana wa watu akasema Mungu ni mwema. Lahaula! Hata mimi ninayemtaja Mungu kila siku, siku ile sikutaka kumsikia daktari akimtaja.

Tulipandisha kabati la Simaloi Jumamosi asubuhi. Mahindi yalitolewa, likafutwa, likapakwa mafuta. Mninga ule ulikuwa unang'aa, nyie! Shemeji alivaa kitenge cha kanisani ndani ya nyumba yake mwenyewe. Parsimei aliniambia nikae mlangoni, mikono nyuma, nisiguse kitu. Nikakaa.

Mashine ilikwenda bila kosa. Siwezi kusema zaidi ya hapo, ilikwenda. Miguu iliingia chini ya zege, sinia likanyooka, kabati likapanda likaulalia ukuta. Hakuna kilichotikisika. Simaloi alianza kutaja mahali kila sahani itakapokaa, hizi za wageni huku, vikombe huku, anasema haraka haraka kama msichana. Parsimei akachukua drili.

Ikaanguka. Ikabandua kigae cha mezani. Akaiokota kwa mikono miwili, akaielekeza kwenye alama, kidole kikakataa kubonyeza. Nilimwona anakitazama kile kidole, anakiamrisha. Akajaribu kwa mkono wa kushoto. Akajaribu kubonyeza kwa kuikandamiza tumboni, jasho linamtoka, na ile ncha inachora ukuta mistari ya hovyo. Simaloi akasogea, akaweka mkono wake juu ya mkono wa mumewe, akabonyeza, drili ikalia mara moja. Parsimei akamsukuma kwa kiwiko.

"Nimesema mwenyewe."

"Fundi," nikasema, "ni matundu manne. Nipe."

"Twahir, nilikuambia ukae mlangoni."

Akaweka drili juu ya zege. Akapumua. Akasema atamalizia kesho, mkono ukiamka.

Ndiyo hivyo. Kabati likabaki limesimama juu ya mashine, halijafungwa hata skrubu moja, na kesho ikawa hivyohivyo, na wiki ikawa hivyohivyo. Simaloi akapanga sahani zake mlemle, aweke wapi tena. Anapika anapishana na winchi. Nilikwenda siku moja na drili yangu kwenye mkoba, yeye Parsimei amepelekwa kanisani, nikasema nimalize, ni kazi ya kumsubiri mtu anywe chai. Shemeji akasimama mbele ya kabati.

"Usiguse, shemeji."

"Litakuangukia siku moja."

"Haliwezi kuanguka, wewe si ndiye uliyechomelea?" Halafu akaniambia. Kila asubuhi, kabla ya uji, anamshika mumewe mkono mpaka jikoni. Anamwekea drili kiganjani, anamkunja vidole kimoja kimoja. Parsimei anahesabu kimoyomoyo, anabonyeza, haibonyezeki, inaanguka kwenye mto ambao Simaloi ameshautandika. Anasema, kesho. Ndipo anakula. "Asipokwenda jikoni hali," alisema. "Kwa hiyo wacha lining'inie."

Nikaondoka. Nilikuwa na hasira sijui za nani.

Mvua za masika zilipokatika alikuwa hasimami tena bila kushikwa. Asubuhi moja simu ikalia niko kazini. Simaloi. Salamu hakunipa, na yeye ni mtu wa salamu ndefu.

"Shemeji, njoo na drili."

"Kuna nini?"

"Leo nimemletea, amesema niirudishe. Na uji amekula."

Nilikwenda. Nilimkuta sebuleni kwenye kiti, blanketi magotini, anatazama ukuta. Tukasalimiana vizuri tu. Nikaingia jikoni. Simaloi alitoa sahani zote, nikatoboa matundu manne, nikachomeka fisha za plastiki za kushika skrubu, nikakaza skrubu. Ule mlio wa drili nyumba nzima ulisikika, na yeye hakugeuka wala hakuuliza kama pima maji iko katikati. Seremala wa miaka yote ile, hakuuliza.

Nikaishusha mashine, nikavuta pini, ikafunguka vipande kama alivyotaka. Nikavipanga mlangoni. Nikamuuliza Parsimei niviweke wapi.

"Yale mabomba bado mazima," alisema. "Katengenezee geti la mtu."

"Fundi, tuyaweke tu hapa nyuma ya nyumba. Huwezi kujua."

"Kata, Twahir."

Nikasema sawa. Nilimwona Simaloi kwenye mlango wa jikoni, sahani za wageni mkononi, hajui aziweke au azishike.

Nimeyakata. Kaniambia nikate, nikakata, maana toka tufahamiane sikuwahi kuweza kumbishia akashindwa. Wallahi nililia ndani ya miwani ya kuchomelea mpaka mstari sikuuona, nikakata moja kombo.